Swali la lugha: Mwizi anayependwa aitweje?

Msomaji wa Mikindani, Mtwara, anaandika hadithi ya kijana anayeingia ghala la sultani kwa uchawi na kutoka na dhahabu. Alipomsomea dada yake, dada akamkatiza: "Mwizi, halafu mchawi? Huyo atachomwa moto ukurasa wa kwanza!" Anauliza: Kiswahili hakina neno la mwizi anayependeza?

Lipo, ila limelala kwenye kamusi: ayari. Tulilipata kwa Waarabu, na katika ngano za Waajemi ayari ni mtu wa kupanda kuta usiku kwa kamba, mwizi mwenye ahadi yake. Sisi tulibakiza ujanja na ulaghai, ahadi tukaiacha njiani. Hata hivyo neno hili halina harufu ya mtaani. "Mwizi" ni neno la kupigiwa kelele; likisikika sokoni, watu huokota mawe kabla ya kuuliza kilichoibwa.

Kwa mwizi mdogo tuna mdokozi, yule anayechopoa kipande cha pweza sufuriani tui halijachemka vizuri. Mama hufoka huku akicheka.

Ila kosa haliko kwenye nomino peke yake. Tazama kitenzi. Ukiandika "aliiba dhahabu", msomaji anaiona dhahabu. Ukiandika "alimwibia", hiyo -mw- imeshaleta mtu mwenye uchungu, na akiwa mjane, hadithi imekufa. Ali Baba alibeba mali ya pangoni mifuko kwa mifuko, na hakuna anayemwita mwizi, kwa kuwa jina hilo walishapewa wale arobaini. (Na pango lenyewe lilifunguliwa kwa kutajiwa ufuta! Kassim, nduguye Ali Baba, alipolisahau neno, akabaki ndani anataja nafaka. Mtu wa Lindi, kwenye mashamba ya ufuta, asingekufa kifo kile.)

Uchawi nao uache. Kwetu mchawi ni wa kudhuru tu. Anayetibu huitwa mganga. Mazingaombwe ni ya mbele za watu: yule bwana anayekuja shuleni akatoa noti kwenye sikio la mwalimu. Kijana wako anahitaji kiinimacho. Mlango ni uleule, kufuli ni lilelile, kilichodanganywa ni jicho la mlinzi. Msomee tena dada: "Ayari akapita, mlinzi akaona mbuzi."