Wasomaji Wanauliza: Kisu cha Yates na Gesi Iliyokwisha

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama filamu ya hali halisi iitwayo Touching the Void, inayosimulia mkasa wa wapanda milima wawili wa Uingereza, Joe Simpson na Simon Yates, katika mlima Siula Grande nchini Peru. Mimi naona Yates alimsaliti mwenzake alipoikata kamba, ila rafiki yangu anasema hakuwa na la kufanya. Naomba mtuamue. Tena, je, picha zile zilipigwa siku ya mkasa wenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, la picha ni jepesi. Mkasa ulitokea mwaka 1985, na filamu ya Kevin Macdonald ilitoka mwaka 2003. Wanaosimulia ni Simpson na Yates wenyewe, pamoja na Richard Hawking aliyewasubiri kambini, lakini wale unaowaona wakihangaika barafuni ni waigizaji. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba Simpson alipona, maana yuko mbele yake akizungumza, na bado roho inamruka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya filamu hii.

Sasa tuje kwenye kamba. Walikuwa wamekwisha kufika kileleni, mita 6,344 juu ya usawa wa bahari, na walikuwa wakishuka Simpson alipoanguka na mfupa wa mguu wake wa kulia ukapanda hadi ndani ya goti. Kwa hali ya mlima ule, Yates angeweza kumwacha hapo hapo, na wapandaji wengi wasingemlaumu. Badala yake aliunganisha kamba mbili za mita 45, akachimba shimo la kukalia kwenye theluji, akawa anamteremsha mwenzake kipande kwa kipande. Fundo lilipofika kwenye kifaa cha kuzuia kamba halikuweza kupita, kwa hiyo Simpson alilazimika kusimama kwa mguu mzima ili kamba ilegee na Yates apate nafasi ya kuihamisha. Utaratibu huo uliwashusha mamia ya mita, mpaka gizani, katikati ya dhoruba, Simpson alipopitiliza ukingo wa jabali akabaki ananing'inia hewani. Hakuwa na pa kukanyaga, basi kamba haikulegea. Alijaribu kuipanda kwa vitanzi vya uzi, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kitanzi kimoja kikamponyoka. Huku juu Yates haoni wala hasikii kitu, na theluji aliyoikalia inamomonyoka kidogo kidogo. Alivumilia kwa zaidi ya saa moja ndipo akakumbuka kisu. Kama asingekata, wangeporomoka wote wawili. Kwa hili rafiki yako ameshinda, na Simpson mwenyewe amemtetea Yates miaka yote.

Hata hivyo, nadhani nyote wawili mmekikodolea macho kisu mkasahau mtungi wa gesi. Walipanda kwa mtindo wa kubeba kila kitu mgongoni, bila kambi za njiani wala kamba zilizotangulizwa, na ili kupunguza uzito walichukua gesi ya kuwatosha tu. Huko juu maji hupatikana kwa kuyeyusha theluji, kwa hiyo gesi ikiisha kiu inaanza. Yao iliisha kabla ya dhoruba. Kama wangebaki nayo, wangechimba pango la theluji na kungoja kukuche, na Simpson asingeteremshwa gizani kuelekea jabali ambalo hakuna aliyeliona.

Mkitaka kuendelea kubishana, bishaneni juu ya asubuhi iliyofuata. Yates aliposhuka aliuona ufa mkubwa wa barafu chini ya jabali, akaelewa kwamba mwenzake ametumbukia humo, akaita bila kujibiwa, akaondoka akiamini amekufa. Simpson alikuwa hai mle ndani. Kwa kuwa kupanda kulimshinda, alijiteremsha zaidi hadi akapata pa kutokea, kisha akatambaa siku tatu bila chakula, akafika kambini saa chache kabla wenzake hawajaondoka. Je, Yates angekaa zaidi kwenye ufa ule, angemsikia? Mimi naona mtu aliyechoka kiasi kile, peke yake, asingeweza kumtoa hata kama angemsikia. Lakini hapo sitashangaa mkinipinga.