Dunnottar: eti mizinga ya Cromwell ndo iliifanya gofu?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nimeona picha ya ngome ya Dunnottar kule Uskoti karibu na Stonehaven, ipo juu ya jabali baharini, zimebaki kuta tupu. Rafiki yangu anabisha kwamba Cromwell, yule jemadari wa Uingereza aliyempinga mfalme, ndo aliibomoa kwa mizinga akitafuta taji la mfalme. Hivi ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, la taji ni kweli kabisa, la mizinga hapana, labda robo yake.

Iko hivi, mfalme Charles wa Pili alivishwa taji pale Scone, Uskoti, Januari 1651, wakati huo jeshi la Cromwell lishaingia Uskoti, basi taji, upanga na fimbo ya kifalme vikakimbiziwa Dunnottar maana jabali lile bahari imelizunguka karibu pande zote na njia ya kuingilia ni nyembamba mno. Waingereza wakaizingira miezi 8 hivi na ndani kuna askari kama 70 tu chini ya George Ogilvie. Mizinga mikubwa ilipoletwa ndo akashindwa, akasalimu amri Mei 1652, jamaa wanaingia wanapekua kila mahali, taji hamna!

Lilishatolewa na wanawake. Wengine husimulia kuwa Christian Fletcher, mke wa mchungaji wa Kinneff, kijiji cha jirani, alipita nalo katikati ya maadui, wengine wanasema liliteremshwa kwa kamba ufukweni kwa mtumishi wa kike aliyejifanya anaokota mwani. Vyovyote iwavyo, vitu vyote vitatu vikafukiwa chini ya sakafu ya kanisa la Kinneff mpaka Charles aliporudi kutawala 1660, na leo viko ngome ya Edinburgh. Mimi naona jina la huyo mama lingetajwa kabla ya la Cromwell kila ngome hii inapozungumziwa.

Sasa ugofu wenyewe ulikuja baadaye, na ulikuja kwa biashara. Mwenye ngome, George Keith, alijiunga na uasi wa 1715 wa kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart, wakashindwa, serikali ikamnyang'anya mali zote, ngome ikauzwa kwa kampuni ya York Buildings nao wakang'oa dari, sakafu, chochote chenye bei. Jengo likishakosa paa kwenye upepo wa bahari ile, mvua inamalizia. Ilikaa hivyo hadi 1925 familia ya Cowdray ilipoinunua ikaanza kuzikarabati hizo kuta ulizoziona.