Darajani ibaki soko

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: jengo gani la zamani la biashara mjini kwenu lingestahili kutengenezwa kwanza, na kwa nini? Hapa kwetu Zanzibar wapo watakaotaja Beit el Ajaib, na uchungu wake tunao sote tangu upande mmoja uporomoke tarehe 25 Disemba 2020. Lakini lile lilikuwa jumba la mfalme. Kwa biashara, mimi nasema soko la Darajani.

Lilijengwa 1904, enzi za Sultani Ali bin Hamud. Zama hizo mkono wa bahari ulikuwa bado ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, yaani mji wa upande wa pili, maji yakijaa na kupwa, na watu wakivuka kwa daraja. Soko likawekwa pale pale penye kivuko, watu wa pande zote mbili walifikie. Maji yalikuja kufukiwa, ikabaki barabara.

Kwa ujenzi pia lina lake. Vyumba vya nyumba zetu za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu ya boriti: mti wa mkoko hauvuki zaidi ya mita tatu hivi baina ya ukuta na ukuta. Soko haliwezi kubanwa namna hiyo, ndiyo likapewa ukumbi mrefu na paa la juu, joto lipande lisiwakalie watu vichwani. Nenda asubuhi kwenye mnada wa samaki. Jodari wamelazwa chini, dalali kawasimamia anapandisha bei, mchuuzi anainua kidole tu, na samaki keshapata mwenyewe kabla hujasikia kauzwa kwa ngapi. Sakafu imerowa, watu wamesongamana, harufu kali, na bado pumzi inapita.

Kinachonitia hofu ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa masika, kisha huutoa kiangazi kikiingia. Ukiupiga lipu ya saruji, maji na chumvi hubaki ndani, lipu huvimba, ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Nyumba ngapi mjini zimeharibiwa hivyo kwa nia njema! Chokaa ina kazi, sikatai: mawe yachomwe kwa magogo, yazimwe kwa maji, kisha iachwe ikae ndipo itumike. Mafundi wanaoijua wengi ni wazee. Naiomba Mamlaka ya Mji Mkongwe iwape kazi hii wao, na kila mmoja awe na vijana wa kuwafundisha.

Tena isije ikawa limeshapendeza ndiyo wachuuzi waondoshwe, liingie duka la vinyago. Mama wa mafungu ya ndimu na pilipili arudi pale pale alipokuwa, kwa kodi anayoiweza, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla fundi hajapanda ngazi. Kazi yenyewe ianzie kwenye paa, maana mvua ikipenya juu, chokaa ya chini haidumu hata msimu mmoja.

Msomaji, Kikwajuni