Maswali ya Wasomaji: Simu, Kifaa cha GPS na Njia ya Mwindaji

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wawindaji wanne na kwa mke wa mwindaji mmoja. Tumefupisha maswali, lakini majibu tumeyaacha marefu pale ambapo kosa dogo linaweza kumgharimu mtu usiku mzima porini, au kumwacha mnyama aliyejeruhiwa afe bila kupatikana.

Swali: Ndugu Mwandishi, ninawinda mahali ambapo simu haishiki mtandao hata kidogo. Mwenzangu ananiambia kwamba simu isiyo na mtandao ni mzigo tu mfukoni, na kwamba sina budi kununua kifaa cha GPS cha mkononi. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako amechanganya vitu viwili visivyotegemeana. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu yetu kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, zikitangaza saa na mahali zilipo bila kukoma, nayo simu yako hupokea tu matangazo hayo, kama redio inavyopokea kituo. Ikizisikia setilaiti 4 au zaidi, inapiga hesabu na kujua uliposimama bila kutumia data yoyote. Mtandao wa simu huongeza mambo mawili: huleta picha ya ramani, na huharakisha kazi kwa kuieleza simu mapema setilaiti zipi ziko wapi.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Simu iliyokosa msaada huo hulazimika kusoma maelezo ya njia ya kila setilaiti kutoka kwa setilaiti yenyewe. Setilaiti huyarudia maelezo hayo kila baada ya sekunde 30, na matawi yakiikatiza simu katikati ya kusoma, inabidi isubiri mzunguko mwingine. Mwindaji aliyewasha simu chini ya miti mizito huona doa linaloonyesha alipo kwenye ramani halitulii, akadhani kifaa ni kibovu. Washa simu mahali pa wazi kabla hujaingia msituni, uiache dakika kadhaa, na usianze kutembea mpaka doa litulie.

Kuhusu ramani, ipakue nyumbani kisha uijaribu hukohuko. Washa hali ya ndegeni, fungua ramani ya eneo utakalowinda, na uikuze mpaka uone vijito na njia za miguu. Ramani uliyoitazama jana ukiwa na mtandao inaweza kuonekana vizuri ukiwa mbali nayo, halafu ukiikuza ikageuka kuwa karatasi tupu, kwa sababu simu ilihifadhi picha ya juujuu tu. Ukiwa porini iache simu katika hali hiyo ya ndegeni, kwa maana simu inayotafuta mnara usiokuwepo humaliza chaji upesi sana, ilhali GPS ya simu nyingi za leo huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Je, ununue kifaa? Kwa maoni yangu, anayetoka asubuhi na kurudi mchana, akiwa na simu yenye ramani iliyopakuliwa na pawabenki iliyojaa, hana dharura ya kununua. Anayelala porini ndiye ninayemshauri anunue. Vifaa vingi vya mkononi hutumia betri ndogo za kawaida ambazo unaweza kubadilisha gizani kwa kupapasa, vina vitufe vinavyobonyezeka hata ukiwa umevaa glavu au skrini imelowa mvua, na havizimiki ovyo kwa baridi. Simu hutengenezwa kwa maisha ya mjini zaidi. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba iPhone imekusudiwa kutumika katika joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Alfajiri ya baridi kali, ibebe simu ndani ya nguo karibu na mwili, na mchana usiiache juani ndani ya gari.

Swali: Nilimpiga mnyama aliyekuwa ng'ambo ya bonde jua likikaribia kuzama. Nilipofika upande wa pili sikupata hata mahali aliposimama. Nilikuwa na kifaa mkononi lakini sikujua kingenisaidiaje. Naomba unieleze.

Jibu: Swali lako limenigusa, kwa kuwa jambo hilihili lilinipata. Nilipiga, nikamwona mnyama akitetereka na kuingia vichakani, nikashuka bondeni kwa haraka nikijiambia kwamba nimekishika kwa macho kichaka alichosimama. Nilipopanda upande wa pili, kichaka kile kilikuwa kimezungukwa na vichaka ishirini vinavyofanana nacho, na nilipogeuka kutazama nilikotoka sikuweza tena kusema nilipigia wapi. Tulimpata kesho yake, akiwa ameshaharibika. Tangu siku hiyo sipigi hatua moja baada ya risasi kabla sijaweka alama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukishapiga, baki palepale. Hakikisha bunduki yako haina hatari, iweke kando, kisha uweke kwenye kifaa alama ya mahali ulipo na uipe jina ambalo hutalisahau, kama vile «Nilipopigia», pamoja na saa. Baada ya hapo, kabla hujaondoa macho kwenye mahali aliposimama mnyama, soma mwelekeo wake kwa dira na upime umbali kwa kipima umbali, au ukadirie ikiwa huna. Tuseme umepata digrii 75 na mita 210. Vifaa vingi vya mkononi, na baadhi ya programu za simu, vinaweza kutengeneza alama mpya kutokana na alama uliyonayo ukivipa mwelekeo na umbali. Ukiingiza namba hizo mbili, unapata alama ng'ambo ya bonde kabla hujafika huko, nawe unaweza kuzunguka kokote penye njia nzuri ya kushukia bila kupoteza mahali.

Usiitarajie alama hiyo ikufikishe kwenye unyayo wenyewe. Ukikosea kusoma dira kwa digrii 5 tu, katika umbali wa mita 210 utakuwa umekosea kwa mita 18 hivi. Juu ya hilo kuna kosa la kifaa chenyewe: simu iliyo chini ya anga la wazi kwa kawaida huwa ndani ya mita 5 hivi za mahali halisi, lakini chini ya majani mazito au kando ya mwamba, ambako mawimbi hudunda kabla ya kufika, kosa hilo hukua mara kadhaa. Ukifika kwenye alama, weka kitambaa au karatasi juu ya tawi, kisha zunguka polepole kwa duara linalopanuka mpaka mita 25 au 30, ukitafuta majani yaliyovunjika, manyoya, udongo uliochimbuliwa na damu. Wengi husimama juu ya alama, wakaona pakavu, wakasema risasi ilipita pembeni, na kumbe damu iko hatua kumi na tano mbele yao.

Ukipata damu, weka alama. Ukipata nyingine, weka alama tena, na ile ya mwisho uiite «Damu ya mwisho». Alama zikifika tano au sita, zitazame zote pamoja kwenye ramani, kwa sababu mstari zinaoutengeneza mara nyingi hukuonyesha kitu ambacho macho yaliyoinama chini hayakioni: kwamba mnyama anaufuata mkondo wa maji, au amegeuka na kurudi kwenye kichaka kizito ulichokipita. Giza likiingia, alama hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuruhusu kuondoka na kurudi alfajiri mahali palepale.

Nakuonya jambo moja kuhusu dira ya simu. Dira hiyo huhisi sumaku, na chuma cha mtutu pamoja na kifuniko cha simu chenye kifungo cha sumaku huipotosha waziwazi. Vua kifuniko, sogea mbali na bunduki, na uizungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 kabla ya kusoma. Hakikisha pia kwamba dira na kifaa vinatumia kaskazini ileile, kwa sababu kaskazini halisi na kaskazini inayoonyeshwa na sumaku hutofautiana, na tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Ukiwa na mwenzako mwaminifu, mwache pale ulipopigia akuelekeze kwa mkono mpaka ufike. Njia hiyo ni ya kale kuliko vifaa vyote hivi, na bado sijaona iliyoipita.

Swali: Nilimtumia mwenzangu namba za mahali nilipoacha nyama ili aje na gari. Alienda mbali kabisa na mimi, na namba alizoandika zilikuwa zilezile nilizomtajia. Kosa lilikuwa la nani?

Jibu: Inaelekea kosa lilikuwa katika namna ya kuandika. Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa digrii zenye desimali, kwa digrii na dakika zenye desimali, au kwa digrii, dakika na sekunde (hapa dakika ni sehemu ya 60 ya digrii, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika). Digrii 36.50 ni sawa na digrii 36 na dakika 30, si dakika 50. Ikiwa hiyo ni latitudo na mwenzako ameiingiza kama dakika 50, amekosea kwa dakika 20, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85 hivi, gari litakuwa limekwenda kilomita 37 pembeni. Kosa dogo zaidi la aina hii ndilo baya zaidi, kwa sababu halishtui: dakika 30.250 zikisomwa kama dakika 30 na sekunde 25, tofauti ni mita 300 tu, nanyi mtatafutana kwenye vichaka vilevile mkiitana bila kusikiana.

Kinga yake haichukui hata dakika mbili. Kabla ya kuachana, simameni wote kando ya gari, kila mmoja asome kwa sauti namba za kifaa chake. Zikitofautiana kwa umbo au kwa kiasi, rekebisheni mipangilio hapohapo. Angalieni pia msingi wa ramani, yaani mfumo unaotumiwa kuhesabu namba za mahali: vifaa vya GPS hutumia msingi uitwao WGS 84, na ramani za karatasi za zamani zilizochorwa kwa msingi mwingine zinaweza kuhamisha mahali kwa mita mia kadhaa. Na kama una daftari la alama ulizochukua kwa kifaa kabla ya Mei 2000, zichukue upya. Wakati huo Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Upunguzaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa mwezi huo.

Swali: Mshale wa kifaa ulinielekeza kambini, lakini ulinipeleka ukingoni mwa genge usiku. Je, nimekinunua kikiwa kibovu?

Jibu: Hapana, ndugu. Mshale hukuonyesha mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi kwenye alama, nao haujui genge, mto wala tope. Usiku usirudi kwa mshale. Washa kurekodi njia tangu unapoondoka kambini, na wakati wa kurudi fuata mstari wa nyayo zako mwenyewe, ambao angalau unajua kwamba unapitika. Na betri ikikuishia, uwe umeshajua tangu asubuhi kitu kirefu kilicho upande mmoja wa eneo lako, kama barabara au mto, pamoja na upande kilipo. Kama barabara iko magharibi yako yote, dira ndogo isiyo na betri itakufikisha barabarani hata kama hujui umefika sehemu gani.

Swali: Mume wangu huwinda siku tatu au nne mfululizo. Huniambia nisiwe na hofu kwa kuwa ana GPS, na mimi nimekuwa nikiamini kwamba akipotea, watu watamwona aliko. Je, naelewa sawasawa?

Jibu: Dada yangu, nashukuru sana kwamba umeuliza, kwa sababu wengi wanaamini hivyo, na imani hiyo ina hatari. Kifaa cha kawaida cha GPS hupokea tu. Mume wako anajua aliko, lakini hakuna mwingine anayejua. Ili habari zitoke porini pasipo na mtandao, anahitaji kifaa kinachotuma: kiko cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti, ambacho mara nyingi hulipiwa ada, na kiko kifaa cha dharura kinachotuma ishara ya kuomba msaada kwa masafa ya megahezi 406, ambacho lazima kisajiliwe kwa jina la mwenyewe ili waokoaji wajue wanamtafuta nani. Baadhi ya simu pia, kuanzia iPhone 14 iliyotoka mwaka 2022, zinaweza kuomba msaada kwa setilaiti, ingawa si katika nchi zote; aulizie kwanza kama huduma hiyo ipo huko aendako.

Awe na kifaa hicho au asiwe nacho, mwombe akuachie karatasi kabla ya kutoka. Aandike namba za mahali atakapoacha gari na namna zilivyoandikwa, upande atakaoelekea kila siku, majina ya walio pamoja naye, na siku na saa ya kurudi. Chini yake aandike saa nyingine, iliyo baadaye kidogo, ambayo ikipita bila yeye kuonekana wewe utapiga simu kuomba msaada, pamoja na namba ya kupiga. Kubalianeni saa hiyo mkiwa wawili, naye akubali tangu mapema kwamba hatakulaumu ukipiga simu hiyo na kumbe alichelewa tu kwa tairi lililopasuka.