Jibu: Gundi ya stika haitoki kwenye chupa za asali

Habari mkuu. Umesema umeloweka chupa za kioo kwenye maji ya moto na sabuni usiku kucha, karatasi imetoka ila mnato wa gundi umebaki. Nami nafunga asali hapa Moshi kwenye chupa nilizonunua zimeshatumika, najua inavyochosha.

Kwanza tazama ni gundi gani. Iliyotengenezwa kwa wanga huachia kwa maji matupu. Ikibaki inanata kama ulimbo, hiyo ni ya jamii ya mpira, na maji hata yachemke hayaiyeyushi. Molekuli ya maji ina upande wa chaji hasi kidogo na upande wa chanya, kwa hiyo hushikana na vitu kama sukari na chumvi. Gundi hiyo haina chaji za kushikwa hivyo. Inataka mwenzake, yaani mafuta.

Paka mafuta ya alizeti, acha nusu saa au zaidi, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Usianze na maji, yatazuia mafuta yasipenye. Ndipo uoshe kwa sabuni, maana molekuli ya sabuni ncha moja hupenda mafuta na nyingine maji, hivyo huyaondoa.

Mafuta ya taa hufanya haraka zaidi, lakini kwa chupa ya asali nakusihi usiyaguse, harufu yake haiishi upesi. Na kama una vifuniko vya plastiki, weka mbali asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) na thina: baadhi ya plastiki huyeyuka humo.