Don't Look Up: Mbona Hatukucheka?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu filamu moja, Don't Look Up ya Adam McKay, iliyotoka Desemba 2021. Kwa ambaye hajaiona: wanaastronomia wawili wanagundua nyotamkia itakayoigonga dunia baada ya miezi sita na ushee, na hakuna anayeshtuka. Nitasimulia hadi mwisho, msije mkanilaumu.

*Tuliambiwa ni kichekesho. Mimi na mke wangu tumeimaliza kimya, tukaenda kulala. Tuna shida gani? (Msomaji, Tanga)*

Hamna shida. Tashtiti humkuza mtu hadi awe kinyago, ndipo tukamcheka. Sasa mtazame Rais Orlean, anayechezwa na Meryl Streep: anaikalia habari ya maangamizi kwa sababu uchaguzi umekaribia, kisha anaikumbuka habari hiyo pale kashfa yake ilipomchafua. Hapo amekuzwa nini? McKay alikuwa na mabadiliko ya tabianchi kichwani, na mswada ulikuwepo kabla ya korona. Korona ikaingia, watu wakagombana kuhusu barakoa, na kinyago alichokichonga kikawa picha ya pasipoti.

*Mbona Dr. Strangelove nayo inaiteketeza dunia, na tunacheka? (Msomaji, Nakuru)*

Kwa sababu kwenye filamu hiyo ya vita vya nyuklia, ya Stanley Kubrick, mwaka 1964, hakuna anayekusihi. Karibu wote mle ndani ni wendawazimu kwa namna yao, wewe umekaa pembeni. Kwa McKay kuna msichana, Kate, mmoja wa wale wanaastronomia wawili, anayepiga kelele kwenye kipindi cha asubuhi kwamba tunakufa. Mtu akikupigia kelele kwamba nyumba inaungua, huicheki lafudhi yake.

*Ina maana hujacheka hata mara moja? (Msomaji, Ilala)*

Nimecheka, tena sana. Wanaastronomia wakiwa wanamsubiri rais Ikulu, jenerali anawaletea vitafunwa na kuwatoza pesa. Baadaye Kate anagundua kwamba vilikuwa vya bure. Hilo halimtoki! Dunia inahesabu siku, yeye bado anauliza: jenerali mzima, kwa nini? Kuna konda aliondoka na chenji yangu ya mia tano pale Ubungo, miaka imepita. Nyotamkia ikija leo, nitakufa namuwaza yeye. Filamu nzima ingekuwa ya ukubwa huo, tungevunjika mbavu.

*Shikamoo mwalimu. Kitu kama hicho kinaweza kuzuiwa kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba. Kidogo, ndiyo. Septemba 2022 chombo cha NASA kiliigonga kwa makusudi Dimorphos, asteroidi, yaani jiwe la angani, yenye upana wa mita 160 hivi, na muda wake wa kuizunguka asteroidi mwenzake kubwa ukapungua kwa takriban nusu saa. Nyotamkia ya kwenye filamu ina upana wa kilomita kadhaa, inakaribia lile jiwe lililowamaliza dinosaria na kuacha shimo la Chicxulub, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita. Ila kumbuka: kwenye filamu roketi zilisharuka. Zikageuzwa njiani, kwa kuwa tajiri mmoja wa simu ameona madini kwenye nyotamkia hiyo.

*Nilizima majina yalipoanza kupita. Nimekosa kitu? (Msomaji, Mombasa)*

Umekosa kicheko chenyewe. Rais na matajiri wenzake wanaamka kwenye sayari nyingine, zaidi ya miaka 22,000 baadaye, uchi wa mnyama, na rais analiwa na kidude chenye manyoya ya rangirangi. Rudi ukaangalie. McKay alitubania utani mpaka tulipokwisha kufa wote.