Unaanza kusoma barua za familia ya Gladstone? Ngoja nikuambie niliyoyapata

Wadogo zangu, juzi kuna mmoja wenu kaniambia amepata nafasi ya masters na supavaiza kamwambia achague familia moja ya wanasiasa wa Uingereza enzi za Malkia Victoria asome barua zao, sasa hajui aanzie wapi. Nikaona badala ya kumjibu peke yake niandikie wote, maana mi nimekaa na barua za akina Gladstone karibu miaka mitatu na mwaka wa kwanza karibu wote ulipotea hivi hivi, sio kwa uvivu, ni kwamba hakuna mtu aliyenikalisha akaniambia haya.

Kwanza mjue ni akina nani. William Ewart Gladstone alizaliwa Liverpool 1809, akawa waziri mkuu mara nne, ya kwanza 1868 na ya mwisho akaachia Machi 1894 akiwa na miaka 84. Mkewe ni Catherine Glynne wa Hawarden, kule Wales karibu na mpaka wa Uingereza (linaandikwa Hawarden ila wenyewe wanatamka Harden, usije ukaaibika kituo cha basi). Tarehe 25 Julai 1839 kanisa la pale palifungwa ndoa mbili kwa mpigo, Catherine na William, alafu mdogo wake Mary na Lord Lyttelton wa Hagley. Hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Akina Gladstone walizaa watoto wanane, akina Lyttelton kumi na wawili, na wote hao waliandikiana barua maisha yao yote. Kwa hiyo ukisema unasoma barua za Gladstone, ujue unasoma ukoo.

Na hapa kosa langu la kwanza. Nilianza kwa kutafuta siasa tu, nafungua boksi, nikiona barua inaongelea surua ya mtoto au farasi aliyechechemea naipita, nikiona neno Ireland nasimama. Miezi imeenda nimejaza daftari vipande vipande ambavyo havishikani, maana sikujua nani anaongea na nani na kwa nini anaongea kwa sauti ile.

Kilichoniokoa ni kuchora ukoo, na niliuchora kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa moyo wote, msione aibu. Kiingereza kina neno moja tu la shemeji, kwa hiyo kaka wa mke, mume wa dada, na mume wa dada wa mke wote wanaitwa kitu kimoja, unachanganyikiwa. Sisi tunajua Gladstone na Lyttelton ni wanyumba, wameoa ndugu wawili. Sir Stephen Glynne mwenye ngome ya Hawarden ni shemeji yao wote wawili. Catherine kwa watoto wa Mary ni mama mkubwa kwa sababu yeye ndio aliyetangulia kuzaliwa, na Mary alipofariki 1857 Catherine akawa kweli mama mkubwa kama tunavyomjua sisi, mwenye sauti nyumbani kwa marehemu. Nilipoandika hayo pembeni ya kila jina nikaanza kuelewa kwa nini Lucy Lyttelton, binti wa Mary, anamwandikia waziri mkuu kwa uhuru ambao waziri mwenzake asingethubutu. Kwake yule ni baba mkubwa.

Huyo Lucy ngoja nikae naye kidogo. Mwaka 1864 aliolewa na Lord Frederick Cavendish, na kuanzia hapo kwenye makaratasi anaitwa Lady Frederick Cavendish. Mi nilikuwa na "Lucy" kwenye orodha moja na "Lady Frederick" kwenye orodha nyingine kwa wiki nzima kama watu wawili tofauti! Wanawake wa tabaka lile wanabeba mpaka jina la kwanza la mume, kwa hiyo ukiona Lady fulani mwenye jina la kiume usishangae, tafuta jina lake alilozaliwa nalo ulibandike hapohapo. Na wanaume nao wanabadilika, rafiki yao Lord Hartington (huyu ni kaka yake Frederick) ukifika 1891 anakuwa Duke wa Devonshire, mtu ni yuleyule.

Tarehe 6 Mei 1882 Frederick akiwa ndio kwanza amefika Dublin kama waziri wa mambo ya Ireland akauawa kwa visu Phoenix Park pamoja na Burke, mtendaji mkuu wa ofisi ile. Gladstone ndiye aliyempa kazi ile. Sasa chukua barua za wiki ile uzisome ukijua kwamba aliyemtuma ni baba mkubwa na aliyefiwa ni binti wa nyumbani, ndio utaelewa uzito wa yule mjane kumwandikia Earl Spencer, mtawala wa Ireland, kwamba hatamlilia mumewe kwa uchoyo kama kifo chake kitasaidia kumaliza uovu uliokuwa nchi ile. Hiyo ni barua ya msiba na hapohapo ni barua ya siasa, huwezi kuipasua katikati.

Jambo lingine, ukimya. Nilikuta kipindi William na Catherine hawaandikiani kabisa wiki kadhaa nikaandika kwenye rasimu kwamba walikuwa na ugomvi. Supavaiza akanirudishia na mstari mmoja tu, walikuwa wapi? Nikaenda kuangalia, kumbe walikuwa nyumba moja. Watu hawaandikiani wakiwa meza moja jamani. Bunge likikaa yeye yuko London, mama yuko Hawarden au Hagley na watoto, hapo barua zinamiminika, bunge likifungwa zinakatika. Kwa hiyo kabla hujatafsiri ukimya tengeneza jedwali la nani yuko wapi siku gani. Kwa Gladstone una bahati kubwa kwa sababu aliandika shajara kila siku tangu akiwa shuleni mpaka uzeeni, na imechapishwa vitabu 14 kati ya 1968 na 1994, humo anaorodhesha mpaka watu aliowaandikia siku ile. Ukiwa na barua isiyo na tarehe, iweke karibu na shajara.

Na zisizo na tarehe ni nyingi mno. Mtu anaandika "Jumanne usiku" basi kamaliza. Utajifunza kusoma muhuri wa posta kwenye bahasha kama bahasha ipo, na kumbuka kabla ya Januari 1840 posta ilitozwa kwa umbali na idadi ya karatasi na mara nyingi anayepokea ndio analipa, ndio maana barua za zamani ni karatasi moja iliyokunjwa yenyewe ikawa bahasha na kufungwa kwa lakiri. Wabunge walikuwa na haki ya kutuma bure kwa kusaini juu, kwa hiyo familia yenye mbunge iliandika sana, na haki hiyo ikafutwa ilipokuja posta ya peni moja. Alafu mjihadhari na kifupisho "ult.", maana yake mwezi uliopita, na "inst." ni mwezi huu. Barua ya tarehe 3 Mei ikisema 28 ult. ni Aprili 28. Mi niliwahi kulisogeza tukio zima mwezi mmoja mbele kwa herufi hizo tatu, ikabidi niandike upya kurasa kumi na moja.

Mwandiko nao. Kuna barua imeandikwa kwa mlalo kawaida, alafu mwandishi akaigeuza karatasi robo duara akaandika tena juu ya maneno yaleyale ili asitumie karatasi ya pili. Mara ya kwanza naiona nilidhani wino umevuja. Ukiweka macho yako sambamba na mistari, yaani uinamishe kichwa mpaka karibu na meza uangalie kwa upande, mistari ya upande wako inasimama na ile mingine inafifia, alafu unazunguka unasoma ya pili. Usiigeuze karatasi yenyewe kila saa, zunguka wewe. Penseli tu mezani, kalamu ya wino acha kwenye kabati la nje. Na pambo jeusi pembeni ya karatasi ni la msiba, linaanza nene kisha linapungua upana miezi ikipita, kwa hiyo hata kabla hujasoma neno unajua nyumba ile ina kifo cha karibu au cha mbali.

Ukishaweza mwandiko utakuta maneno ambayo kamusi haina. Akina Glynne walikuwa na lugha yao ya nyumbani, wenyewe waliita Glynnese, na ilizagaa mpaka Lord Lyttelton akakaa akaitungia kamusi, akaichapisha kwa ajili ya familia mwaka 1851. Phantod ni mtu mpumbavu. Bathing-feel ni ule mtetemo wa tumbo kabla ya jambo kubwa, kama mtu aliyesimama ukingoni anataka kujitosa kwenye maji ya baridi. Ukikuta mama wa nyumba ya waziri mkuu anatumia neno hilo siku moja kabla ya hotuba ya bajeti, humo kuna habari ambayo gazeti la siku ile halikuwa nayo. Isome kamusi hiyo mapema, mi niliisoma nimeshachelewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi linaniuma na nawaomba msiliruke. Pesa ya familia hii ilitoka wapi? Baba yake William, John Gladstone, alikuwa mfanyabiashara wa Liverpool mwenye mashamba ya miwa Demerara, Guyana ya leo, na Jamaica. Uasi mkubwa wa watumwa wa Demerara mwaka 1823 ulianzia kwenye shamba lake linaloitwa Success. Utumwa ulipofutwa alilipwa fidia ya zaidi ya paundi laki moja kwa watu zaidi ya 2,500. Yeye ndio alilipwa, sio wao. Na hotuba ya kwanza nzito ya kijana William bungeni, Juni 1833, ilikuwa kutetea usimamizi wa shamba la baba yake.

Alafu kuna barua moja ambayo niliisoma nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Januari 4, 1836 John Gladstone anaiandikia kampuni ya Gillanders, Arbuthnot ya Calcutta kuulizia kupata vibarua wa Kihindi kwa mkataba, maana watumwa wanakaribia kuwa huru. Lugha ya adabu, ya biashara, kama mtu anaagiza mabati. Wanamjibu kwamba wanaweza kuwapata watu wa milimani, na kwamba watu hao husemwa kuwa wako karibu na nyani kuliko binadamu. Imeandikwa kwa mkono mzuri kabisa, mistari imenyooka. Miaka miwili baadaye, Mei 5, 1838, meli mbili, Whitby na Hesperus, zikatia nanga Guyana na watu 396. Mfumo huohuo wa vibarua wa mkataba ndio baadaye ulioleta Wahindi kujenga reli kutoka Mombasa, kwa hiyo mtu wa kwetu akisoma barua ile hayuko mbali nayo hata kidogo.

Nawaambieni hivi kwa sababu barua za aina hiyo hutazikuta kwenye boksi la mapenzi na watoto, ziko na hesabu na risiti, na mtu anayetaka familia nzuri anaweza kumaliza digrii yake bila kuzigusa. Watu wa Success hawakuacha boksi lao Hawarden. Kila ukisoma kuhusu sherehe au ukarabati wa nyumba uliza nani amelipia.

Na msidhani sisi hatumo. Desemba 1884 Gladstone anamwandikia waziri wake Dilke akishangaa watu wazima wenye akili zao wamebuni mpango kuhusu nchi ya mlima nyuma ya Zanzibar wenye jina lisilokumbukika. Ni Kilimanjaro huo! Mimi nimekua nauona mlima ule asubuhi nikienda shule. Miaka minane baadaye akabishana kwa barua nyingi na Rosebery, waziri wake wa mambo ya nje, kwa sababu hakutaka Uingereza ibaki Uganda, na himaya ikatangazwa 1894 yeye akiwa ameshaondoka.

Kuhusu wapi pa kwenda, karatasi za siasa ziko British Library, maktaba ya taifa kule London, majalada 750, nambari Add MS 44086 mpaka 44835. Za familia ziko Hawarden kwenye maktaba aliyoianzisha mzee mwenyewe, ambayo vitabu vyake alivipeleka kwa toroli akiwa ameshapita miaka 80, na pale unaweza kulala. Shajara zenyewe ziko Lambeth Palace, makazi ya Askofu Mkuu wa Canterbury kule London, wanawe walizikabidhi huko 1928 maana zilikuwa na mambo mazito ya nafsi yake ambayo hawakutaka yazagae. Kwa hiyo jueni kwamba boksi limepita mikononi mwa watoto kabla ya kuja kwako. Na kila picha unayopiga, piga kwanza karatasi yenye nambari ya boksi, nina picha 300 za mwaka wa kwanza ambazo mpaka leo siwezi kuzitumia.

Mkiniuliza muanze na nini, anzeni na Agosti 1857. Mary Lyttelton anakufa Hagley, miezi michache tu baada ya kumzaa Alfred, mtoto wa kumi na mbili (huyo mchanga ndio alikuja kuwa waziri wa makoloni 1903 hadi 1905, na 1905 ndio mwaka Kenya ya leo ilipohamishiwa wizara hiyo). Catherine yuko pembeni ya kitanda cha mdogo wake, na mumewe wiki hizohizo yuko London anapambana usiku na mchana kuupinga muswada wa talaka. Wekeni barua za Hagley upande mmoja wa meza na kumbukumbu za bunge upande wa pili, msome siku kwa siku.